Mteremko wa grafu hausomwi kwa kuhesabu miraba

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanafunzi wa sekondari, na walimu wao, juu ya kosa linalowapotezea alama katika hisabati na hata fizikia: kutafuta mteremko wa mstari, yaani kiasi unachopanda au kushuka kwa kila hatua moja ya ulalo, kwa kuhesabu miraba ya karatasi badala ya kusoma namba za mihimili.

Kwetu Lamu mfano hauko mbali. Tuseme nahodha anapima dizeli iliyobaki tangini kila baada ya saa moja. Mhimili wa chini ni wa saa, sentimita 2 kwa saa 1. Wa wima ni wa lita, sentimita 2 kwa lita 10. Mstari unapita kwenye lita 46 baada ya saa 1, na lita 16 baada ya saa 6. Tofauti ya wima, 16 kutoa 46, ni -30. Tofauti ya ulalo, 6 kutoa 1, ni 5. Gawanya: lita -6 kwa saa. Anayehesabu miraba huona mstari umeshuka sentimita 6 katika sentimita 10, akaandika 0.6. Kwa hesabu hiyo chombo kitazimika katikati ya bahari.

Alama ya kutoa isidharauliwe. Nukta uliyoanza nayo kwenye tofauti ya wima, anza nayo kwenye tofauti ya ulalo pia. Ukigeuza mpangilio kwenye tofauti moja tu utapata 6, yaani mafuta yanaongezeka injini ikiwaka! Na kipimo, lita kwa saa, ni sehemu ya jibu.

Nukta zenyewe zichaguliwe juu ya mstari uliochorwa, si vipimo vya kwenye jedwali, kwa sababu vingine huangukia pembeni. Tena ziachane mbali. Kwa skeli hii, milimita 1 ni nusu lita. Ukikosea milimita hiyo kwenye nukta zilizoachana kwa saa 1, jibu linakuwa -5.5 au -6.5, zikiachana kwa saa 5, kosa ni 0.1 tu. Ndiyo maana pembetatu ndogo ya kusomea mteremko, iliyochorwa kwenye kona moja ya grafu, haifai.

Walimu, nawasihi: wapeni wanafunzi jedwali hilohilo walichore kwa skeli mbili tofauti. Mstari mmoja utalala, mwingine utasimama zaidi, na yote miwili itatoa -6.

Mwalimu wa hisabati,
Lamu