Tusipitie Kiingereza kujifunza Kiojibwe

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu wiki iliyopita eti vijana wa Uganda wanaomaliza bando kujifunza Kiojibwe wamechanganyikiwa, Kiswahili chenyewe hakijawaingia wanakimbilia lugha ya kina nani huko. Basi mimi ni mmoja wa hao waliochanganyikiwa, niko hapa Mbale natengeneza simu, na namjibu bila ugomvi.

Kiojibwe, wenyewe wanakiita Anishinaabemowin, ni cha wenyeji wa asili wa Kanada na Marekani, kuanzia Ontario mpaka Michigan, Wisconsin na Minnesota. Lugha yenyewe hainishindi sana, kinachonichosha ni masomo yake, maana karibu yote yametungwa kwa mtu anayefikiria kwa Kiingereza. Wanakutayarisha kisaikolojia kabisa kwamba hakuna tofauti ya mwanamke na mwanaume, mtu yeyote ni wiin tu. Sasa sisi wa "yeye" tangu utotoni tunatayarishwa nini? Halafu wanakutisha kwamba kitenzi kinabebeshwa vitu mbele: nibaa analala, ninibaa nalala, gii-nibaa alilala. Jamani, Mgisu, Mganda, Mswahili, nani ataogopa hapo?

Hata ngeli zao ni mbili tu, vyenye uhai na visivyo na uhai, na sisi tunaosema "kiboko anakuja" badala ya "kinakuja" tunaelewa haraka kwamba uhai unaweza kuvuruga sarufi. Ila msizoee vibaya, kwao jiwe liko upande wa wenye uhai, asin, yakiwa mengi asiniig, na hata ukubwa wake una kitenzi chake, jiwe ni mindido lakini kiatu, makizin, ni michaa.

Huu ugonjwa wa kupitia kwa Mzungu haukuanza jana. Padri Baraga, mmisionari kule Marekani, alichapisha sarufi ya Kiojibwe Detroit mwaka 1850, na mwaka huohuo Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi huku Afrika Mashariki, akatoa yake ya Kiswahili kule Ujerumani. Siwadharau, walifanya kazi, ila waliwaandikia wenzao.

Matokeo yake ni kwamba pale ambapo sisi ndio tunajikwaa, hakuna anayetuonya. Kwetu anayetenda anatangulia, ninakuona, unaniona. Kwao "wewe" ndiye anatangulia, awe anaona au anaonwa: giwaabam ni unaniona, giwaabamin ni nakuona, zote zinaanza na gi- na mkia ndio unaokuambia nani kamwona nani. Hapo nilikaa sana, usiku mzima na simu za wateja mezani. Na "sisi" ziko mbili, giinawind ukiwemo wewe ninayeongea nawe, niinawind ukiwa nje, kwa hiyo mtu akisema tunaenda kula unajua palepale kama umealikwa.

Matamshi nayo. Irabu ndefu wanaandika mara mbili, aa, ii, oo, na e hata ikiwa moja huwa ndefu. Anayejua Luganda hana shida, kusika (kuvuta) na kusiika (kukaanga) anazitofautisha kila siku jikoni. Shida ni a fupi, sisi tunaitamka wazi kama ya "baba" kumbe yao imemezwa nusu, ile ya wazi ndiyo aa. Pia maneno mengi yanaishia na konsonanti, mitig ni mti, na ulimi wetu unataka kusema mitigi, kama tunavyosema buku na soksi. Zh ndiyo inahitaji mazoezi kwelikweli. Habari njema ni kwamba hawana L wala R, kwa hiyo wale mnaotuchekaga sisi wa "lafiki" huku hamna kazi.

Ombi langu, Mhariri, mtupe kona ndogo hata mara moja kwa mwezi, mtu aeleze lugha ya mbali moja kwa moja kwa Kiswahili, akilinganisha na Lugisu, Luganda au Kiteso, Kiingereza kikae pembeni kidogo. Na huyo ndugu yangu aliyeandika, kabla hajajibu afungue kamusi ya The Ojibwe People's Dictionary ya University of Minnesota, ni ya bure na sauti za wazungumzaji wenyewe zimo, bando ya siku moja inamtosha.

Msomaji wenu,
Mbale