Mwanangu, tafuta jicho la sato

Mama yangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ile picha ya slaidi ya ubongo uliyonitumia WhatsApp juzi usiku nimeikuza nikaiangalia weee mpaka mama yako akauliza kuna nini. Vile vidoa vyeusi ulivyovizungushia wino mwekundu ukasema nyuroni, zile seli za kupeleka ujumbe, mwanangu, vingi ni glia, seli za kuzisaidia nyuroni. Usiumie, hata mimi nilivyoanza kazi ya maabara nilidhani kilichokolea zaidi ndo chenyewe, fundi aliyenifundisha akanikalisha kwenye hadubini asubuhi nzima bila kunipa jibu.

Sasa sikia. Sato si umewaparua hapa Kirumba tangu mdogo, jicho lake unalijua, duara pana afu katikati nukta nyeusi. Nyuroni ndo hivyo, kiini kikubwa kimepauka na ndani yake nukta moja imekolea kabisa. Pembeni ya kiini unaona mwili wa seli una madoa ya zambarau, hayo ni mabonge ya Nissl, ndo panapotengenezwa protini, na ile rangi ya slaidi yako, kresili vayoleti, inang'ang'ania hapo. Glia kwa rangi hiyo utaona kiini tu, mwili huuoni. Kile kidogo cha duara kilichokolea mara nyingi ni oligodendrosaiti, chembamba kirefu kama dagaa ni maikroglia. Astrosaiti, glia nyingine, ndo itakusumbua maana kiini chake nacho kimepauka, ila ile nukta nzito haina wala madoa pembeni.

Kisu kilichokata kipande cha slaidi kikipita pembeni ya nukta huwezi kuiona, seli hiyo usiilazimishe, nenda nyingine.

Afu umeniuliza mbona matawi hayapo kama kitabuni. Ile ya kitabuni imepakwa kwa njia ya Golgi, ya madini ya fedha, ya tangu 1873, inashika seli chache tu lakini ikiishika inaishika nzima mpaka vitawi vya mwisho. Kwenye rangi yako ya Nissl, hiyo ya kresili vayoleti, unaona shina, matawi yanapotea, kwa hiyo slaidi yako haina kosa.

Sehemu moja tu jicho la sato litakuangusha, serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma. Kule kuna nyuroni za chembechembe, ndogo, zimekolea, zimebanana, ukiziona utaapa ni glia. Anzia kwenye seli za Purkinje, kubwa, zimejipanga mstari mmoja, ukishazipata zile chembechembe ziko upande wa ndani.

Mama yako kakufungia furushi la dagaa, linakuja na basi la kesho. Ukipewa hiyo slaidi ya serebela nipigie video hata saa tano usiku, weka simu kwenye lenzi tuangalie wote.

Baba