Mkaguzi wa umeme naye apimwe, tena mbele yetu

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nilitoe hili la wakaguzi wa umeme wanaosaini bila kupima, maana limenikaa rohoni toka mwezi wa pili, na kila nikipita nyumba ya mjane mmoja linaamka upya.

Mi ni fundi umeme, nina miaka 22 kwenye hii kazi. Nilianza kwa kubeba ngazi na kupasua kuta kwa tindo kwa mzee mmoja aliyenifundisha, alafu nikaenda chuo cha ufundi VETA enzi hizo bado kuna tredi testi, ile mitihani ya ufundi, nikaanza na gredi 3 nikapanda taratibu mpaka gredi 1, na baadae nikaomba leseni EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, nikapewa daraja C. Wasioelewa niwaambie tu kwamba leseni zetu zina madaraja, A ndo ya juu, zinashuka B, C, D mpaka W ya mtandaza nyaya, na daraja lako ndo linasema uguse kazi gani na usiguse ipi. Sheria ya Umeme ya 2008 inataka hivyo na mi naikubali kabisa, umeme sio kitu cha kujaribia. Sasa swali langu ni moja, huyu anayekuja kunikagua mimi na kusaini kwamba nyumba ni salama, yeye kapimwa na nani?

Mwezi wa pili mama mmoja mjane alinipigia akasema fundi njoo, friji inatupiga. Nikamuuliza inawapiga vipi akasema mjukuu wake wa miaka sita alitoka kuoga, yuko peku, akashika mlango wa friji akarushwa mpaka kwenye meza. Niliacha kazi niliyokuwa nayo nikapanda bodaboda muda uleule. Nilipofungua kifuniko cha DB, lile boksi la breka, jamani nilikaa chini kwanza. Waya wa eathi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa umekunjwa umesukumizwa nyuma huko haujafungwa popote. RCD, ile breka ya kukata umeme ukivuja, ambayo za majumbani nyingi zinatakiwa zikate kwenye miliampia 30 yaani kabla moyo wa mtu haujavurugika, imerukwa, waya wa moto umepitishwa pembeni yake moja kwa moja kwenda kwenye breka nyingine, yenyewe imebaki pambo. Nikatoka nje kutafuta eathi rodi, ile fimbo ya chuma ya kuingiza eathi ardhini, nikakuta kipande cha nondo kama futi moja hivi kimechomekwa kwenye mchanga karibu na bomba. Nilikivuta kwa mkono mmoja kikatoka. Eathi rodi ya kweli ina shaba nje, ina futi nne, inagongwa nyundo mpaka inazama yote na bado unaipima kuona kama ardhi imeipokea, maana kwenye mchanga mkavu unaweza ukagonga mbili na isitoshe.

Wiring ile ilifanywa na kishoka, yaani fundi wa mtaani asiye na leseni, hilo halinishangazi, vishoka tunawajua na kila mtaa unao. Kilichoniuma ni pale mama alipoingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni, ndani yake fomu ya ukaguzi, imegongwa muhuri na imesainiwa. Kwenye nafasi ya kipimo cha eathi pameandikwa OK. Kwenye kipimo cha nyaya, kile cha mega, kifaa cha kuangalia kama nyaya zinavujisha, pameandikwa OK. Hakuna namba hata moja. Nikamuuliza mama, huyu mkaguzi alipima na nini, akanambia alisimama sebuleni, akawasha taa akazima, akauliza fundi wako ni nani, akaomba hela ya maji akasainia juu ya siti ya pikipiki akaondoka, dakika kumi hazikufika.

Na mimi nilipoliona lile jina nililijua. Yule kijana alishawahi kuja kwetu saiti kama kibarua, miezi miwili hivi, alikuwa anabeba mabomba na kuchanganya saruji ya kuzibia. Sio mtu mbaya, ana adabu na alikuwa anawahi kazini. Akapotea, mwaka unaofata nikasikia ni mkaguzi wa serikali ana cheti na kofia nyeupe. Mjomba wake ni mkubwa katika ofisi hiyohiyo, siitaji ofisi kwa jina wala siwataji wao, hapa kila mtu anajua na hakuna anayesema. Cheti cha ukaguzi alikipata kwenye semina ya siku tano ukumbini, na waliokuwepo wameniambia hawakushika kifaa hata kimoja na wote walifaulu.

Niliwahi kukutana nae kwenye kazi yangu mwenyewe, jengo la vyumba vya kupangisha. Nilimpa mega yangu nikamwambia karibu bosi pima. Akaishika, akaigeuza, akauliza hii nyekundu inaenda wapi, alafu kabla sijajibu akawa anataka kubonyeza na mein switchi iko on. Mega unaifanya umeme ukiwa umezimwa na vitu vyote vimechomolewa, yenyewe inasukuma volti 500 kwenye nyaya kuangalia kama ganda la plastiki linazuia, hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Nilimshika mkono nikamuonesha. Alisaini kazi yangu, ndio, na kazi yangu ilikuwa sawa, lakini nilirudi nyumbani sina raha maana nilijua angesaini hivyohivyo hata ingekuwa mbovu.

Alafu kuna binti mmoja aliyefanya field, mafunzo ya vitendo, kwangu, ana diploma ya umeme ya NTA level 6, mikono yake ni safi sijapata kuona, akifunga DB unatamani uiache wazi watu waone. Ameomba hiyo nafasi ya ukaguzi mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa hana uzoefu, ya pili akaambiwa nafasi zimejaa, ya tatu waliitwa kwenye usaili watu wengi wakasubiri juani toka asubuhi na jina la aliyechukuliwa lilikuwa linatajwa mtaani wiki nzima kabla. Sasa hivi anauza vocha na chaja stendi. Mi hilo linaniuma kuliko hata ile nondo.

Watu wataniambia mbona vyeti feki vilishahakikiwa. Ni kweli, tunakumbuka Aprili 2017 pale Dodoma Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi tulipiga makofi. Ila uhakiki ule uliangalia vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Na hata kingeangaliwa cheti cha kijana huyu kingepita, kwasababu si cha kuchongesha, kimetolewa halali, kina namba na muhuri. Tatizo liko kwa aliyekitoa, alitoa kwa mtu ambaye hakumpima kwasababu ni mtoto wa nyumbani. Feki ya namna hii hakuna kompyuta itakayoikamata, inabidi umpe mtu kifaa mkononi umwangalie.

Na wakati huu ndo tunawahitaji wakaguzi wa kweli kuliko wakati wowote. Tanzania Bara ina vijiji 12,318 na karibu vyote umeme umeshafika, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, watu wenye chumba kimoja wanafungiwa UMETA, kile kiboksi cha umeme tayari kisichohitaji wiring, bibi zetu ambao hawajawahi kushika swichi sasa wana umeme ndani. Hao hawajui eathi ni nini na si lazima wajue, wanauamini ule muhuri. Mkaguzi ndo macho yao.

Kwahiyo ninachoomba kwa wanaohusika ni kwamba mkaguzi yeyote kabla hajapewa kitambulisho apimwe kwa vitendo, awekewe DB yenye makosa yaliyofichwa ayatafute na vifaa vyake, na watakaompima watoke nje ya ofisi itakayomwajiri, chuo cha ufundi chochote chenye walimu wa umeme kinaweza hiyo kazi. Mwenye ndugu kwenye ofisi apimwe na watu wa mkoa mwingine, sisemi anyimwe, kama anajua aingie. Majina na viwango vyao vya elimu yabandikwe pale tunapoweza kusoma, kama ambavyo mi mteja anaruhusiwa kuniuliza leseni yangu. Na fomu isikubalike ikiwa imeandikwa OK. Eathi inasomwa kwa omu, nyaya zinasomwa kwa megaomu, iandikwe namba na kifaa kilichotumika, ili nyumba ikiungua au mtoto akirushwa tujue nani aliandika nini.

Wale waliopo tayari nao warudi kupimwa, atakayeshindwa apelekwe darasani kwanza, hata yule kijana nadhani akifundishwa vizuri atakuwa fundi mzuri tu kwasababu kichwa anacho, ila leo hajui na anasaini.

Yule mama nilimfungia rodi mbili na RCD mpya, hela atanipa akivuna. Vipimo nimeviandika kwa kalamu kwenye karatasi, na tarehe, na namba ya leseni yangu, nikaibandika ndani ya kifuniko cha DB. Mjukuu wake bado hataki kusogelea friji, akitaka maji anamwita bibi.

Fundi umeme, Morogoro
(jina langu na simu anavyo mhariri)