Barua ya wazi kwa anayesimamia usajili wa ndoa: naomba cheti changu

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Likoni, Mombasa. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa na mpaka leo hazijajibiwa.

Mimi ni mjane. Niliozwa mwaka 2003 nyumbani kwa wazazi wangu, mbele ya walii, mashahidi wawili na sheikh aliyeandika kila kitu kwa wino wa buluu, hata mahari: kitanda, cherehani na shilingi elfu ishirini. Karatasi hiyo ninayo. Imekunjwa mara nne, na penye mikunjo maandishi yameanza kufutika. Mume wangu alifanya kazi bandarini hadi alipofariki mwaka jana. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Nilipotoka kizukani nikaanza kufuatilia mafao yake, nikaambiwa nilete cheti cha ndoa cha serikali.

Tangu hapo nimevuka feri mara kumi na moja. Kwa mtembea kwa miguu feri ni bure, lakini matatu ya ng'ambo si bure, na siku ya kuja huko sipiki mahamri, kwa hivyo siuzi. Mara faili halionekani. Mara mtandao umeanguka. Mara mwenye funguo yuko likizo. Alhamisi iliyopita faili likapatikana, nikamshukuru Mungu pale pale kwenye benchi. Kijana akalifungua, akasema kitambulisho cha marehemu kimeandikwa Athman na karatasi ya nikahi imeandikwa Athumani, basi hao ni watu wawili. Nilete hati ya kiapo kwa wakili, tena na mashahidi. Shahidi mmoja alishakufa. Mwengine yuko Lamu, hajiwezi.

Watu wawili! Nimemfulia mtu huyo nguo miaka ishirini.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na ya Kikristo, ya Kihindu, ya kimila na ya kiserikali, na inataka zote zisajiliwe. Siipingi. Serikali isipoandika ndoa, nani atamzuia anayemuoza msichana kabla ya miaka 18, au shemeji anayemtoa mjane nyumbani? Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka aliyefungisha nikahi apeleke kumbukumbu kwa msajili. Haimtaki bibi harusi. Nadhani madaftari ya masheikh wetu yalibaki misikitini bila mtu kuyafuata, au yaliletwa yakaachwa kabatini mlipohamia kwenye kompyuta. Katiba nayo, kifungu cha 45, inasema familia itambuliwe na ilindwe na Serikali. Mimi nimelindwa wapi?

Mheshimiwa, ulikuja kwetu kwenye baraza. Ulisimama chini ya mwembe ukasema maafisa watakuja mitaani wenyewe kusajili ndoa za zamani, wazee wasihangaike. Mume wangu alikuwa kando yangu, akapiga makofi. Tuliporudi nyumbani aliitoa karatasi sandukuni, akaiweka juu ya meza wasije wakatukuta hatuko tayari. Ilikaa pale wiki tatu. Hakuja mtu.

Herufi mbili tu, u na i. Ziandikeni mnavyotaka, hata majina yote mawili pamoja. Jumatatu nitavuka tena, karatasi iko ndani ya bahasha. Naomba nipewe cheti changu.

Mjane wa Likoni