Nyumba ya Ufaransa: soma cheti cha nishati kabla ya bei

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaotaka kununua nyumba ya kupangisha Ufaransa wakiwa ughaibuni huuliza kwanza kama mgeni anaruhusiwa. Anaruhusiwa, hata bila kibali cha ukaazi, ingawa kumiliki nyumba hakumpi kibali hicho. Hasara huingilia mlango mwingine.

Mlango huo ni cheti cha nishati, kinachoonyesha nyumba inatumia nishati kiasi gani, chenye madaraja A (bora) hadi G (mbaya zaidi). Tangu Januari 1, 2025, nyumba ya daraja G hairuhusiwi kupangishwa kwa mkataba mpya wa makazi ya kudumu. F itafuata 2028, E 2034. Fleti ndogo ya zamani jijini Paris inaweza kuonekana ya bei rahisi kwa sababu hiyo tu. Na kwenye jengo la ghorofa huwezi kufunika kuta za nje kuzuia baridi na kupandisha daraja kwa uamuzi wako peke yako. Wamiliki wote hupigia kura. Nasisitiza: dai mihtasari ya mikutano yao ya miaka mitatu iliyopita.

Ukishasaini mkataba wa awali, una siku 10 za kujitoa bila adhabu. Zikipita, amana, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, iko hatarini. Anayetegemea mkopo asikubali kamwe kuandika kwamba hakopi. Sharti la mkopo likiwemo na benki ikakataa, amana hurudishwa.

Kwa nyumba ya zamani, tenga pia asilimia 7 hadi 8 ya bei kwa kodi na ada za notari, yaani afisa wa sheria anayeandika na kuthibitisha mauzo. Leta notari wako. Yeye na wa muuzaji hugawana ada ileile.

Msomaji wenu,
Lyon, Ufaransa