Barua kwa mwanangu anayetunga mchezo wa mwezini

Jinja

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi sana. Baada ya salaam nakujulisha kwamba sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yako tu. Bibi yako miguu imepata nafuu, anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri huko Kampala au unaishi kwa rolex, ile chapati ya mayai, na chai.

Ama kuhusu kazi yako uliyonitumia, nimeisoma yote. Mdogo wako aliifungua kwenye simu, nikaona maandishi madogo mno, nikaenda kuichapisha mjini. Nimeisoma mara mbili na kalamu mkononi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mchezo wa kompyuta ambao watu wake wanaongea Kiswahili, mwaka 2190, na timu moja inatoka Jinja! Wachezaji wanane kwa wanane, ndani ya suti zenye injini, wanateremka na mpira wa chuma kwenye kreta ya Shackleton, lile shimo kubwa huko ncha ya kusini ya mwezi, kisha wanapanda nao tena, na kila mtu ana ruhusa ya kumwangusha mwenzake. Nilipofika pale beki wa kulia anaporuka juu ya watu watatu, nilishindwa kukaa kitini.

Mjomba wako aliposomewa alisema huu ni ukatili, mwambie mtoto atunge kitu kingine. Mimi sisemi hivyo, na yeye aliyecheza ndondi za kambini hadi pua ikapinda asikukataze. Watu wanapenda mchezo wa hatari tangu zamani, na anayeucheza kwa hiari yake simdharau. Nimekaa kando ya viwanja vya raga na begi la huduma ya kwanza tangu wewe hujaanza shule, na vijana wale nawapenda kama watoto wangu.

Ninalokuandikia ni jambo moja. Katika kurasa zako zote sijamwona mtu hata mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo mwenzake anapoanguka. Kufuli la suti linafunguliwa na mwenye timu peke yake. Oksijeni inaongezwa kwa timu iliyofunga bao. Aliyezimika analala pale pale, wenzake wanamruka, hadi nusu ya kwanza iishe. Najua umeweka hivyo makusudi, kuonyesha dunia mbaya. Sawa. Lakini humo ndani hakuna hata mtu anayelipinga jambo hilo, wala anayejaribu kulikwepa. Wachezaji wako wanalikubali kama wanavyokubali mvua. Wachezaji halisi hawako hivyo, mwanangu, nawajua.

Kwanza nikusahihishie pale ulipoandika kwamba kwa kuwa mwezini mtu ni mwepesi, kugongana hakuumizi sana. Nilimwita mdogo wako na fizikia yake ya kidato cha sita, tukakaa mezani. Mvuto wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa hapa, kwa hiyo mtu ambaye mizani ya Jinja inamsoma kilo 90, huko ingemsoma 15. Hiyo ni kweli ukimbeba. Akikujia kwa mbio, unagongwa na mwili wa kilo 90 ule ule, haukupungua hata gramu. Tena kusimama kunakuwa kugumu zaidi, kwa sababu miguu haikamati chini kama huku. Mchezaji wako akishaanza kukimbia hawezi kugeuka ghafla, na aliye mbele yake hawezi kumkwepa kwa wepesi. Migongano ya mwezini itakuwa mingi na mikali.

Na suti ngumu haitamwokoa. Hapa naongea kama nesi. Ubongo unaelea majini ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo unaendelea na safari, unapiga ukuta wa ndani, unajipinda. Hakuna chuma unachoweza kuvisha kichwa kwa nje kikauzuia usisogee humo ndani. Kofia ngumu inazuia fuvu lisipasuke na ngozi isichanike, na hilo si dogo, ila mtikisiko wa ubongo unapita. Mjomba wako alikumbusha kwamba wanaume wa ndondi za Olimpiki walivaa kinga ya kichwa kuanzia 1984, na mwaka 2016 huko Rio wakarudi ulingoni bila hiyo kinga. Mabishano yalikuwa makali, lakini hoja moja naikubali: mtu aliyevaa kinga hujiona salama, akaingiza kichwa mahali ambapo asingekiingiza. Sasa fikiria kijana wa miaka 20 ndani ya suti yenye injini. Ataogopa nini?

Kwa hiyo mpe mchezaji wako dalili za kweli. Usimwandike akizimia halafu anaamka shujaa. Wengi hawazimii kabisa. Anasimama, anatembea, anaongea, na hajui yuko wapi. Kuna mechi moja hapa kwetu, winga kijana aliangushwa, upande wa kichwa ukapiga goti la mtu. Nilipofika, prop wa timu ya wapinzani, yaani mchezaji wa mstari wa mbele, yule yule aliyemwangusha, alikuwa ameshapiga magoti nyuma yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili, viganja juu ya masikio, anamwambia, "Usigeuke ndugu yangu, usigeuke, musawo anakuja." Musawo ndivyo wanavyoniita, yaani mganga. Hakuna aliyemtuma. Jasho lake lilikuwa linadondokea paji la uso la kijana na hakutoa mkono hata mmoja kulifuta. Tulipomkalisha yule winga akaniuliza, "Musawo, tunaongoza?" Nikamjibu ndiyo. Nikamwangalia mboni, nikamuuliza jina la uwanja, akataja shule yake ya zamani. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Musawo, tunaongoza?" Kocha wake alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye mstari, mwache, yuko sawa, mechi imebaki kidogo. Mimi nimeshika jezi kiunoni, nimekunja ngumi, siachii. Refa akaja, akatutazama, akamtoa.

Sheria ya raga iko wazi: mechi kama hizi zetu, anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka, na siku hiyo harudi, hata akilia, hata kocha akipasuka. Sababu yake nataka uiweke kwenye mchezo wako. Pigo la pili likija kabla la kwanza halijapona, ubongo unaweza kuvimba kwa dakika chache tu na kijana akafa, na walio katika hatari zaidi ni vijana wadogo. Kwa hiyo yule anayemwondoa uwanjani ndiye anayemwokoa, hata kama uwanja mzima unamzomea.

Sasa mwezini nani atapuliza filimbi? Hakuna hewa, mwanangu, filimbi haitasikika, wala kelele za washabiki, wala mwenzio akikuita kwa nyuma. Kila sauti itapita kwenye redio. Na umeandika kwamba redio ni ya mwenye timu! Hapo nilisimamisha kusoma. Mwenye redio akitaka, kijana anaweza kuomba msaada na asisikike na mtu, wakati wenzake wako hatua mbili kutoka alipo. Hili umeliandika kwa sentensi moja na kulipita mbio, kumbe ndilo jambo la kutisha kuliko yote uliyobuni.

Tena refa wako umemweka Kampala, anatazama kwenye skrini. Tulipiga hesabu. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,000, na redio inakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Anachokiona refa kimeshatokea sekunde 1.3 nyuma, na akisema "simama" neno lake linahitaji sekunde nyingine 1.3 kufika. Jumla 2.6. Mtu anayekimbia mita 10 kwa sekunde ameshakwenda mita 26. Refa wa mbali ataona ajali, hataizuia. Mwondoe Kampala, mpeleke kreta, mpe taa nyekundu kubwa begani, na mchezaji yeyote akiwasha taa ya namna hiyo kwenye suti yake wote wasimame. Taa haihitaji hewa wala ruhusa ya mwenye redio. Na kule chini ya Shackleton giza ni la kudumu, jua halifiki kabisa, kwa hiyo taa itaonekana. (Kreta yenyewe ina upana wa kilomita 21 hivi na kina kinachopita kilomita 4. Wachezaji wako wanateremka na kupanda kwa dakika kumi. Tafuta shimo dogo zaidi, au uongeze muda.)

Halafu kuna suala la suti kupasuka, ambalo umelifanya kama kuishiwa betri. Mwaka 1966 huko Houston, fundi mmoja alikuwa anajaribu suti ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, bomba likachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na alisimulia kwamba kitu cha mwisho alichohisi ni mate yakichemka ulimini. Walirudisha hewa upesi akaamka mzima. Kwa hiyo mchezaji wako ana sekunde kumi na kidogo za kujua anachofanya, baada ya hapo ni mwenzake ndiye mwenye uhai wake mkononi, na dakika si nyingi. Machela haiwezi kufika kwa muda huo. Mwenye timu hawezi. Anayeweza kufika ni yule aliye karibu, na katika mchezo wa kuangushana, aliye karibu kila mara ni mpinzani aliyekuangusha.

Hapo ndipo naona hadithi yako ilipo. Mwenye mpira anaelekea kupanda, bao moja linaipa timu yake oksijeni ya nusu nzima, na nyuma yake mpinzani aliyeangushwa naye suti inavuja. Sheria za wenye timu hazimpi chochote akirudi. Wachezaji wenyewe lazima wawe na sheria yao isiyoandikwa. Itunge hiyo. Iwe na ishara ya mkono, kwa sababu redio ni ya tajiri. Iwe na adhabu kwa anayeivunja, wamtenge kambini, asishirikishwe sahani. Wenzako wanaoandika programu wakisema mchezaji wa kompyuta hatataka kuacha bao, waambie wampe nafasi ya kuchagua, waone.

Nikuongezee la zamani. Waroma walikuwa na mashindano ya magari ya farasi, na yalikuwa ya timu kama yako: wekundu, weupe, buluu na kijani. Ushabiki wake ulifika mahali ambapo mwaka 532 huko Konstantinopoli, Istanbul ya leo, vurugu zilizoanzia uwanjani ziliunguza sehemu kubwa ya mji na kuua maelfu ya watu. Dereva alizungusha hatamu kiunoni ili avute farasi kwa uzito wa mwili wote. Gari likipinduka, farasi wangemburuta hadi afe. Kwa hiyo alichomeka kisu kwenye mavazi yake, akianguka akate hatamu. Wengi wao walikuwa watumwa, mwanangu. Mtu asiyemiliki hata mwili wake, na bado aliachiwa kisu. Wachezaji wako wa mwaka 2190 hawana.

Kwenye ndondi kisu hicho ni taulo. Wasaidizi wa bondia kwenye kona yake wanarusha taulo, refa anamaliza pambano, na bondia anaweza kulia na kutukana lakini anarudi nyumbani. Mwaka 1982 bondia Kim Duk-koo wa Korea Kusini aliangushwa raundi ya 14 huko Las Vegas, akafa siku chache baadaye. Baada ya kifo hicho mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Mjomba wako anaitaja tarehe ile akiwa amekaza taya. Wachezaji na familia zao ndio wanaolipia kila sheria ya namna hii, na ningependa mchezo wako uonyeshe angalau moja ikipatikana kwa gharama hiyo.

Sasa fanya hivi. Weka kitu kwenye kila suti kinachofungua kufuli kutoka nje, na mwenye timu asiwe na uwezo wa kukizima. Kama ulimwengu wako hauruhusu, basi wachezaji wakifiche, mafundi wa suti wakiweke usiku. Usiweke kifungo kidogo. Ndani ya glovu iliyojaa hewa vidole ni vizito, mtu anayetetemeka hatakipata. Weka mpini wa kushikwa kwa ngumi nzima, begani, mahali ambapo mwenye suti anafika na mwenzake pia anafika akiwa nyuma yake. Kiraka cha kuziba tundu kikae hapo hapo.

Mjomba wako anashuka Kampala Ijumaa na gari la mahindi. Nimempa karatasi zote nilizoandika pembeni, pamoja na unga na sabuni ulizoomba. Wenzako wakiwa na swali lolote la majeraha wanipigie jioni baada ya saa moja, nipo.

Mama yako