Barua kwa mwanangu Neema, kabla hujaomba kusomea udaktari

Kinyerezi, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Neema,

Marahaba mwanangu. Sisi huku ni wazima. Baba yako mgongo umempa nafuu, bibi yako anakusalimia sana, na masika imeanza kwa fujo: Jangwani pamefungwa tena, kwa hiyo kufika kazini ni kuzunguka na kutoka nyumbani giza halijaondoka.

Ujumbe wako kuhusu likizo nimeusoma. Unaniuliza kama naweza kukuombea nafasi hospitalini kwetu mwezi wa saba, ili upate saa za kukaa na wagonjwa za kuandika kwenye maombi yako ya vyuo vya udaktari huko Marekani unakosomea digrii. Jambo hili ni refu kwa simu, ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie.

Jibu ni ndiyo, njoo. Ila utakuja kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba hutamshika mgonjwa kwa sindano wala kwa uzi.

Ngoja nikueleze kwa nini. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, tunapokea vijana kutoka Ulaya na Marekani. Wengi wao wako pale pale ulipo wewe, hawajasoma udaktari hata siku moja. Ni watoto wazuri, wana adabu, shikamoo wanaijua kabla hawajashuka kwenye ndege. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi zamani, daktari wa zamu alimpa mmoja wao kanula, ile sindano ya kuwekea mrija kwenye mshipa, akamwambia ajaribu. Mgonjwa alikuwa mama mjamzito kutoka Mkuranga, BP iko juu, mikono imevimba, mishipa haionekani. Kijana akachoma, mshipa ukapasuka. Akahamia mkono wa pili. Yule mama aligeuzia uso ukutani, hakusema neno. Kwake yeye, aliyevaa koti jeupe ni daktari, na daktari haulizwi. Nikamwomba kijana anipishe, nikaiweka mwenyewe. Baadaye nilimkuta kwenye benchi la nje analia. Aliniambia kwao hata kusogea na ile sindano asingeruhusiwa.

Sasa kama kwao haruhusiwi, huku ameruhusiwa na nani? Na yule mama nani alimuuliza? Tangu 2011, AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani, una mwongozo kuhusu wanafunzi wanaokwenda kujitolea hospitali za nchi za nje, na ujumbe wake ni huo huo ninaokupa: usifanye ugenini usichofundishwa na usichoruhusiwa kufanya nyumbani. Wanaosoma maombi wanalijua hilo. Mtu akiandika kwa kujisifu kwamba aliwahi kushona kidonda Afrika akiwa mwaka wa pili wa digrii, anajidhuru mwenyewe, na anastahili.

Najua utasema, mama, mimi si mgeni. Kweli kabisa, na ndiyo maana wewe nakuhofia zaidi. Utaingia wodini kama mtoto wa sista, watakuita daktari wetu mtarajiwa, na mtu atakupa glavu kwa upendo tu. Utasema ahsante, utarudisha mikono nyuma.

Faida yako wewe ni masikio. Wale vijana wanakaa mwezi mzima hawaelewi mgonjwa anasema nini. Wewe unaelewa. Utakaa kwenye ripoti ya zamu asubuhi, usikie wa usiku anavyomkabidhi wa mchana wagonjwa wake kitanda kwa kitanda. Utajifunza kuhesabu pumzi za mtoto dakika nzima, kwa kumtazama kifua, bila kumgusa, na mama yake umwambie unahesabu ili amtulize, maana mtoto akishtuka hesabu inaharibika. Utafuatana na mgonjwa kutoka mapokezi hadi maabara, kutoka maabara hadi dirisha la dawa, uone ni mara ngapi anaambiwa arudi alikotoka. Mwangalie ndugu yake aliyebeba hotpoti na faili, mchovu kuliko mgonjwa mwenyewe. Jioni andika kwenye daftari ulichokiona. Jina la mgonjwa usiandike, na simu iache kwenye mkoba. Sitaki kuona picha ya mgonjwa wa mtu yeyote kwenye kurasa zako, hata ya mgongo.

Daftari hilo ndilo litakalokusaidia siku ya kujaza fomu. Nimesoma yale maelezo uliyotumiwa na mshauri wenu. Kwenye AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vinavyotoa MD, shahada ya udaktari, huko Marekani, unapewa nafasi ya shughuli 15 tu, na kati ya hizo unachagua 3 zilizokugusa zaidi uzieleze kwa urefu kidogo. Halafu kuna maelezo binafsi, herufi 5,300 na nafasi zake, ambayo ni kama ukurasa mmoja na nusu. Hapo watu hujaza maneno makubwa juu ya kupenda kusaidia. Kila anayeomba anapenda kusaidia. Mtu aliyekaa kweli kando ya kitanda anajulikana kwa anachokikumbuka.

Ndugu zetu bado hawajaelewa kinachoendelea. Baba yako mkubwa kila Jumapili ananiuliza umefika mwaka wa ngapi wa udaktari, nami namweleza upya. Hapa mtoto anatoka kidato cha sita na PCB yake, yaani fizikia, kemia na biolojia, anaingia chuo cha udaktari cha Muhimbili, KCMC au Bugando, anasoma miaka 5, anamalizia na mwaka 1 wa intanishipu, mafunzo ya kazi hospitalini. Marekani unatakiwa uwe na digrii kwanza. Johns Hopkins walipofungua chuo chao cha udaktari mwaka 1893 walidai hivyo, na ripoti ya Abraham Flexner ya 1910, ya kukagua vyuo vya udaktari, ikasukuma vyuo vingine kukaza masharti yao. Kwa hiyo wewe sasa unasoma digrii ya miaka 4, ndipo usome udaktari miaka mingine 4, ndipo mafunzo ya ubingwa ya miaka 3 hadi 7. Na digrii hiyo si lazima iwe ya biolojia, alimradi umepita kwenye masomo wanayoyadai: biolojia, kemia, kemia ya kaboni, fizikia na maabara zake, na biokemia. Nilifurahi uliposema unapenda somo la historia ya tiba. Lisome, usiogope.

Hesabu ya muda ndiyo inayowaponza wengi. Ukitaka kuingia chuo cha udaktari mara tu baada ya digrii, maombi yanatumwa mwezi wa sita, ukiwa umemaliza mwaka wa tatu, yaani mwaka mzima na zaidi kabla ya kuanza. Vyuo vingi vinaita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma mwezi wa kumi anagombea nafasi zilizobaki. Maana yake MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, uwe umeifanya kabla, mwishoni mwa mwaka wa tatu. Mwanangu, kama hutakuwa tayari, usikimbilie. Wenzako wengi hupumzika mwaka mmoja au miwili baada ya digrii wakifanya kazi ya utafiti au ya hospitali. Kwa viza yako ya mwanafunzi, F-1, kuna ruhusa ya kufanya kazi baada ya kumaliza, ile OPT ya miezi 12, na kwa masomo ya sayansi huweza kuongezwa. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakueleze mapema. Ofisi hiyo hiyo ikueleze kuhusu kazi za sasa. Rafiki zako Wamarekani wanalipwa kama wasaidizi wa wauguzi au kwenye ambulensi. Wewe kazi ya malipo nje ya chuo bila kibali inaweza kukugharimu viza yenyewe. Kujitolea bila malipo ni njia yako, na nyumba ya wagonjwa walio mwisho wa maisha uliyoniambia iko karibu na chuo ni mahali pazuri kuliko unavyofikiri. Hakuna kinachofanyika kwa haraka pale, na hakuna atakayekupa sindano.

Hiyo MCAT yenyewe usiichukulie kama mtihani wa taifa wa NECTA wa huku kwetu. Ni karibu siku nzima, saa saba na nusu ukihesabu mapumziko, sehemu 4, alama kutoka 472 hadi 528. Kukariri kutakufikisha mahali kwenye biolojia na kemia. Ile sehemu ya kusoma na kuhakiki maandishi, maswali 53 kwa dakika 90, haina cha kukariri: wanakupa kipande cha falsafa au sanaa usichowahi kukiona, wanakuuliza mwandishi anaegemea wapi. Ndiyo inayowasumbua watoto waliosoma Kiingereza kama lugha ya darasani tu. Dawa yake ni kusoma kila siku, kuanzia leo, vitu visivyohusu tiba kabisa. Ukingoja miezi mitatu ya mwisho umechelewa. Na ukumbuke idadi ya majaribio ina kikomo, 3 kwa mwaka na 7 maisha yote, na kila alama vyuo vinaiona.

Kuna jingine ambalo ni la malezi yetu. Unahitaji barua za mapendekezo kutoka kwa walimu wanaokufahamu, nawe umelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa. Kule ukinyamaza, mwalimu anadhani huna swali wala hamu. Atakuandikia kwamba ulipata A, basi, na A wanaziona wenyewe kwenye matokeo. Zile saa ambazo mlango wa ofisi yake uko wazi, ingia. Keti. Muulize ulichoshindwa kwenye zoezi, mweleze unakotoka. Heshima yako haitapungua hata kidogo.

Kwenye usaili, vyuo vingi siku hizi vinakuzungusha vyumba kadhaa, kila kimoja na kisa chake na dakika chache, mtindo ulioanzia chuo kikuu cha McMaster, Canada. Visa hivyo wewe umekua navyo. Chukua hiki tunachokutana nacho mara kwa mara: majibu ya mzee yametoka, ni saratani, na watoto wake wanakufuata koridoni wanakusihi asiambiwe kwa sababu atakata tamaa. Wametoka mbali, ndio wanaolipa, na wanampenda kweli. Kule watakutegemea useme haraka kwamba siri ni ya mgonjwa na ukweli ni wa kwake. Ni kweli, lakini ukiishia hapo umewaacha watoto wake koridoni. Mimi huanza na mzee mwenyewe, namuuliza: babu, majibu yakija ungependa uelezwe wewe, au tuongee na nani? Wapo wanaosema mwambieni mkubwa wangu, na wapo wanaokutazama usoni wanasema niambie mwanangu, ninajua tayari. Akishasema, naye daktari ana pa kuanzia, na wale watoto nawarudia niwaeleze baba yao ametaka nini. Ukija mwezi wa saba tutakaa barazani tuvichambue visa kama hivi kimoja kimoja, kwa Kiswahili kwanza, halafu utavisema kwa Kiingereza ukiwa peke yako.

Kuhusu pesa nitakuwa wazi. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havichukui wanafunzi wa kigeni kabisa, na baadhi ya vinavyochukua hutaka uthibitishe una ada ya miaka yote 4, vingine huomba iwekwe benki kabla hujaanza. Mikopo ya serikali yao si ya wageni. Mimi na baba yako hatuna fedha hiyo, na sitaki uigundue hesabu hiyo ukiwa umeshalipia maombi ya vyuo ishirini. Tengeneza orodha yako kwa kuanzia hapo: chuo kinapokea mgeni? Kinampa msaada? Kama hapana, kifute hata kama jina lake linang'aa. Na vyeti vyako vya PCB bado ni vyako. Kurudi Muhimbili, chuo kilichoanza mwaka 1963 na kikamlea karibu kila daktari aliyenifundisha kazi, siwezi kukuita kurudi nyuma.

Uangalie na milango mingine pia. Kuna ufamasia, meno, macho, fiziotherapia, kila kimoja na mfumo wake wa maombi, na cha meno kina mtihani wake unaoitwa DAT. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia, na nimeona mtu akisimama kwa mguu wa bandia mara ya kwanza. Sijui daktari gani ana siku nzuri kuliko ile. Na uuguzi, mwanangu. Umeniandikia kwamba ikishindikana kabisa "utafanya hata uuguzi". Nimeisoma hiyo "hata". Uuguzi hausomwi kwa kukosa kingine. Ukija kuuchagua, uuchague ukiwa na nafasi ya kuukataa. Mwezi huo utakaa nasi zamu nzima, uone nani yuko na mgonjwa saa tisa za usiku.

Sasa la kufanya haraka. Nitumie tarehe kamili za likizo wiki hii, na barua ya chuo inayosema wewe ni mwanafunzi na unakuja kuangalia tu. Nitaipeleka kwa katibu wa hospitali, maana sitaki uingie kwa mgongo wangu. Utaomba ruhusa kama mtu mwingine yeyote. Hakikisha chanjo yako ya homa ya ini B imekamilika, uje na kadi. Viatu lete vya kufunika vidole, vyenye soli laini, maana sakafu yetu ni ngumu na zamu ni ndefu. Mdogo wako anaomba kikokotozi cha kisayansi, kama nauli ya mizigo itaruhusu.

Wako,
Mama